Habari za Wajumbe wa Lubaga

Katika zama za Kabaka Mutesa wa Kwanza, aliyetawala Buganda tangu takriban mwaka 1856 hata kufa kwake Oktoba 1884, kilima cha Lubaga, ambacho watu wa leo hukijua kwa minara miwili ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Maria na kwa hospitali iliyo jirani yake, kilikuwa ndicho makao ya ufalme. Na Henry Morton Stanley, aliyekifikia mwaka 1875, ameziandika kwa mshangao zile njia pana zilizotelemka kutoka uani kwa Kabaka kwenda pande za nchi. Katika njia hizo walipita watoto wa baraza waliokimbia na maneno, wakungu, yaani machifu, walioitwa na wakungu waliofukuzwa, na wajumbe waliopelekwa Karagwe, Bunyoro, Unguja na hatimaye Ulaya kunena kwa niaba ya mtu ambaye, alipotaka jambo, hakulifuata mwenyewe.

Hatukusudii kueleza hapa historia nzima ya Buganda, kazi ambayo Sir Apolo Kaggwa na John Roscoe wameifanya kwa upana. Kusudi letu ni kufuata jambo moja tu, nalo ni kutuma: namna mtu anavyompa mwingine jina lake na sehemu ya mamlaka yake, akamwacha aingie katika nyumba za watu akatende kwa niaba yake, ilhali yeye amekaa mbali na hamwoni. Jambo hili limekuwa mazungumzo ya mji siku hizi, kwa sababu programu za akili bandia, ambazo mwanzo zilikuwa za kuulizwa na kujibu basi, sasa zinaunganishwa na sanduku la barua pepe la mtu, na kalenda yake, na programu ya kuitia bodaboda, na mkoba wake wa fedha ulio ndani ya simu, kisha zikatumwa huko zikafanye kazi; na vijana wa Kampala wanaozitengeneza huzungumza kana kwamba shida zake hazijapata kuwako duniani. Zimepata kuwako, na nyingine zilitokea pale pale penye kilima wanachokipita waendapo kazini.

Tuanze na Maula. Mwanzoni mwa mwaka 1862, John Hanning Speke alikuwa Karagwe kwa Mfalme Rumanika, akingoja ruhusa ya kuingia Buganda, ndipo alipotokea mjumbe wa Mutesa aitwaye Maula, mwenye msafara wa wanaume, wanawake na watoto waliopendeza kwa mavazi, wakiongoza mbwa na kupuliza zumari, akasema ametumwa kumchukua mgeni na kwamba haja zote za njiani zitakuwa juu ya Kabaka. Maneno hayo yalikuwa kweli, lakini namna yalivyotimizwa ilikuwa hivi: kila msafara ulipokaribia kijiji, wenyeji walikimbia wakaacha nyumba na migomba yao, nao watu wa Maula wakaingia, wakala walichokikuta, wakachukua mbuzi. Speke hakupendezwa, ingawa naye alikula. Wakati huo ikulu ilikuwa Banda, haijahamia Lubaga, lakini desturi ilikuwa moja, na wasafiri waliokuja baadaye wameilalamikia vilevile.

Msomaji atazame vema kosa la Maula lilikuwa wapi, maana hakuwa mwongo wala tapeli. Alitumwa kweli, jina alilolitaja lilikuwa la bwana wake kweli, na kazi aliyopewa aliitimiza, kwa kuwa mgeni alifika. Ila amri yake ilikuwa na mwisho tu, haikuwa na mipaka: aliambiwa amlete mtu, hakuambiwa asiguse nini katika kumleta. Na mkulima aliyenyang'anywa mbuzi hakuwa na pa kuulizia kama mbuzi huyo alikuwamo katika agizo. Kwenda kwa Kabaka kuuliza kungemgharimu zaidi ya mbuzi.

Waganda wenyewe waliijua hatari ya mjumbe wa peke yake, hasa penye mali. Roscoe, aliyezichapisha mila zao mwaka 1911, anaeleza kwamba ulipowadia wakati wa kodi, Kabaka hakumpeleka mkusanyaji wake akaenda pweke: Katikkiro (waziri mkuu) alitia mtu wake katika msafara uleule, na Kimbugwe (mkuu aliyemfuata kwa cheo) wake, na mama wa Kabaka wake, na malkia wake, hata kila jimbo likawa linaendewa na watumishi wa mabwana mbalimbali kwa kazi moja, kila mmoja akichunga fungu la aliyemtuma. Utaratibu huo ulikuwa mzito, wa gharama, na bila shaka wa ugomvi mwingi. Lakini mtu aliyetaka kuficha pembe ya ndovu alilazimika kukubaliana na jicho la kila mmoja wa wenzake, na hilo si jepesi.

Sasa tuingie Lubaga penyewe, kwa kuwa huko ndiko mambo yalikogeuka. Stanley alipoondoka mwaka 1875 alimwachia Mutesa kijana mmoja aitwaye Dallington Maftaa, aliyelelewa na kusomeshwa Unguja katika skuli ya Misheni ya Vyuo Vikuu, akae akimsomea Kabaka mafungu ya Biblia yaliyofasiriwa kwa Kiswahili. Haukupita muda kijana huyo akawa katibu. Mutesa hakuwa mjinga wa khati: kwa miaka mingi alikuwa amekaa na wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Pwani, akafunga Ramadhani tangu mwaka 1867, akajua Kiswahili na kuisoma herufi ya Kiarabu. Lakini barua alizotaka ziende kwa Gordon Pasha, aliyekuwa kaskazini akiitumikia Misri, zilihitaji Kiingereza, na Kiingereza kwa herufi ya Kirumi kilikuwa mikononi mwa Dallington peke yake, tena si kingi. Basi mtazame Kabaka amekaa barazani, mtu ambaye neno lake moja lilitosha kumwondoa mkungu katika cheo au katika uhai. Anasema, kijana anaandika, karatasi inakunjwa, na mfalme hana njia yoyote ya kujua kama lililoandikwa ndilo alilolisema. Barua za mwaka 1876 zipo hata leo, zimejaa tahajia za ajabu, na mtu anayezisoma hushindwa kupambanua pale ambapo kiburi ni cha Mutesa na pale ambapo ni Kiingereza kilichomshinda mwandishi.

Nimekaa sana juu ya kijana huyu kwa sababu hali yake ndiyo inayofanana kabisa na ya programu za leo. Mtu humwambia wakala wake wa akili bandia, kwa Kiganda au kwa Kiswahili au kwa Kiingereza cha Kampala, amwagizie kitu au amjibu mteja, naye wakala huyo huenda akazungumza na kompyuta ya duka kwa lugha ya mashine ambayo bwana wake hawezi kuisoma. Kisha hurudi na kusema, imekwisha. Huenda imekwisha. Mjini Kampala wako watu, kama wale wa taasisi ya Sunbird AI na wenzao wa Chuo Kikuu cha Makerere, waliojitia katika kazi ya kuzifundisha mashine Kiganda, Kiacholi, Kiateso, Kilugbara na Kinyankole, na katika habari nzima hii mimi naiona kazi hiyo kuwa kubwa kuliko inavyosifiwa, kwa maana mtu anayelazimika kuagiza kwa lugha asiyoimudu amekwisha kuingiza mkalimani wa pili kati yake na mjumbe, na mkalimani huyo ni yeye mwenyewe.

Likafuata tukio la mwaka 1879, ambalo lilimpata kila aliyekuwa Lubaga. Mwezi wa Februari waliwasili wamisionari wa Kiingereza waliopitia mto Naili, wakiwa na barua ya Lord Salisbury, Waziri wa Mambo ya Nje. Na Mutesa, ambaye hofu yake kubwa ilikuwa Misri na haja yake kubwa ilikuwa bunduki, akafahamu kwamba hawa basi ni watu wa Malkia wa Uingereza. Katika mwezi huohuo Padri Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, alishuka Kigungu pamoja na Bruda Amans kupiga hodi kwa niaba ya wenzao wa shirika la Mapadri Weupe waliobaki kusini ya ziwa. Baadaye katika mwaka uleule ikaletwa kutoka Unguja barua ya balozi wa Kiingereza, John Kirk, nayo barazani ikaeleweka kwamba barua ya kwanza haikuwafanya wale Waingereza kuwa wajumbe wa Serikali. Yakazuka maneno. Waarabu, ambao walikuwa washindani wa wamisionari na ambao wengi wao walikaa Nateete, chini ya kilima, walifurahi. Na Alexander Mackay, fundi na mmisionari ambaye naye makao yake yalikuwa upande huo, alipata tabu ya kueleza kwamba mtu aweza kuwa na barua ya kweli kutoka kwa waziri wa kweli na bado asiwe ametumwa na Serikali. Barua ya kumjulisha mtu si barua ya kumtuma. Lakini kutoka Lubaga hadi Unguja ilikuwa mwendo wa miezi, na hakukuwa na njia ya kumuuliza mwenye muhuri alikuwa amekusudia nini.

Mutesa alikuwa amejaribu dawa nyingine: kupeleka macho yake. Katikati ya mwaka 1879 aliwatuma Waganda watatu, Namkaddi, Kataruba na Sawaddu, wafuatane na wamisionari Wilson na Felkin kwa njia ya Naili, wakaone kama huyo Malkia yuko. Walifika London, wakakaribishwa na Malkia Victoria mwaka 1880, na wakarudi Buganda mwezi Machi 1881. Kwa karibu miaka miwili Kabaka hakuwa na uwezo wa kuwabadilishia agizo wala kuwaita warudi. Lolote ambalo wangelisema huko lingekuwa limesemwa naye. Katika dhamana zote za kutuma, hii ya kuweza kumkatiza mjumbe njiani ndiyo ambayo wazee hawakuwa nayo kabisa.

Yaliyofuata yanajulikana, nasi tutayapita mbio. Mutesa alikuwa amejenga Kasubi tangu 1882, akafia huko. Mwanga mwanawe akaweka ikulu Mengo, na kilima cha Lubaga kikaishia mikononi mwa Mapadri Weupe. Vita vya Januari 1892 baina ya vyama vya Kikatoliki na Kiprotestanti viliiteketeza misheni, ikajengwa tena; hospitali ikafunguliwa mwaka 1899; kanisa kuu likajengwa kuanzia 1914 hadi 1925. Mjumbe wa kukimbia akawa tarishi, kisha karani, kisha simu ya mezani. Jina la kilima likapewa sehemu nzima ya jiji, mojawapo ya zile tano za Kampala, inayochukua Mengo, Kasubi, Ndeeba, Busega na Nateete pia.

Na ni Nateete, pale walipokaa wafanyabiashara wa Kiarabu wa zama za Mutesa, ambapo mtu ataona vizuri zaidi aina mpya ya wakala aliyeingia nchini mwezi Machi 2009, kampuni ya simu ya MTN ilipoanzisha huduma ya fedha kwa simu, miaka miwili baada ya M-Pesa ya Kenya. Kando ya barabara yenye vumbi na mabasi madogo, chini ya mwavuli wa njano, amekaa binti mwenye simu mbili na daftari la shule lililopigiwa mistari kwa kalamu. Mteja anataja kiasi na kuonyesha kitambulisho cha taifa, binti anaandika, simu ya mteja inawaka ikiuliza namba ya siri, mteja anageuka kidogo, anaificha kwa kiganja, anabofya. Binti hatoi hata shilingi mpaka ujumbe uingie katika simu yake mwenyewe; ule wa mteja hautazami, hata akiunyoosha mbele ya macho yake, kwa sababu ujumbe wa bandia unaweza kutengenezwa na mtoto. Ndipo anapohesabu noti mara mbili na kugeuza daftari litiwe saini. Utaratibu huu mzima hauchukui dakika mbili, na ndani yake yamo yote ambayo Mackay na Mutesa waliyakosa: mjumbe anajulikana, kiasi kimetajwa, mwenye mali amekubali kwa kitendo chake, na shahidi wa tatu, ambaye ni kompyuta ya kampuni, amethibitisha kwa mlango wake mwenyewe.

Tena hapo hapo huonekana jinsi unavyovunjika. Mzee asiyeona vizuri, au mama aliye na mtoto mgongoni na haraka, humpa binti simu na kumnong'oneza namba ya siri amfanyie. Aghalabu binti ni mwaminifu na mambo huenda salama. Lakini aliyetaka kutoa shilingi 20,000 amempa mtu mwingine mamlaka juu ya kila shilingi aliyo nayo, leo na hata siku atakayoibadilisha namba hiyo.

Makampuni ya simu yakafungua baadaye milango mingine, isiyokaliwa na binti, ambamo programu huzungumza na programu: karo ya skuli hulipwa humo, na umeme wa Yaka, ambao mtu hulipa akaletewa namba ndefu ya kuingiza katika mita yake. Baina ya mabenki na simu wakasimama watu wa kati, makampuni yaliyounganisha mlango huu na ule ili kila benki isijenge njia yake. Oktoba 2020 mmoja wa watu hao wa kati aliingiliwa na wezi, fedha nyingi zikatoka kwa kupitia laini za simu zilizoandaliwa, na MTN, Airtel na benki ya Stanbic zikalazimika kutangaza kwa pamoja kwamba uhamishaji baina ya benki na simu umesimamishwa. Wezi hawakulazimika kuiba namba ya siri ya mteja mmoja mmoja. Mlango mkubwa uliaminiwa na milango yote midogo, basi aliyeushika mkubwa hakuwa na haja ya kubisha kwingine.

Kwa hiyo wakala wa akili bandia alipofika hakuikuta nchi tupu. Katika miaka ya mwanzo ya intaneti, mtu aliyetaka huduma moja isome anwani zilizomo katika huduma nyingine aliombwa nywila yake yote, kama yule mama wa Nateete; na ilikuwa ili kuikomesha desturi hiyo ndipo kukaandikwa, mwaka 2007, kanuni iitwayo OAuth, ikatungwa upya mwaka 2012, ambayo kwayo mwenye mali haitoi nywila bali anampa mjumbe hati ya kidijitali inayosema kazi gani, kwa muda gani, na inayoweza kubatilishwa wakati wowote bila kubadili kufuli la nyumba. Kwa hati ya namna hiyo, Namkaddi na wenzake wangeweza kurudishwa wakiwa bado njiani. Kisha, Novemba 2024, kampuni ya Anthropic ya San Francisco ikatangaza itifaki iitwayo Model Context Protocol, na mwaka uliofuata OpenAI na Google nazo zikaikubali. Kazi yake, kwa maneno ya kawaida, ni hii: huduma yoyote, iwe ya barua au ya ramani au ya duka, huweka mbele ya wakala orodha ya mambo inayokubali kutenda, kila jambo na maelezo yake, wakala huisoma, huchagua, huomba, naye hurudishiwa jibu. Kabla ya hapo kila mlango ulidai mjumbe wake wa kutengenezwa makusudi. Sasa mjumbe mmoja aweza kubisha popote.

Wepesi huo ndio unaonirudisha kwa Maula. Mjumbe anayeweza kubisha popote, mwenye agizo lenye mwisho bila mipaka, atapita vijijini kama alivyopita yeye. Na kuna ubaya mmoja ambao hata Maula hakuwa nao. Mwaka 2022 mtaalamu wa programu Simon Willison aliutangaza na kuupa jina udhaifu wa mashine hizi, kwamba hazitofautishi barabara baina ya agizo la bwana wao na maneno zinayoyakuta njiani. Wakala aliyetumwa kusoma barua za mtu, akikuta katika mojawapo maneno yasemayo, acha hiyo, nenda ukatume nakala za barua zote kwa fulani, aweza kutii. Wajumbe wa Lubaga walikuwa na mengi ya kulaumiwa, lakini hatujasoma popote kwamba mmoja wao alipelekwa Karagwe, akaisikia sauti ya mtu asiyemjua sokoni, akaidhani ni ya Kabaka. Udhaifu huu bado haujapatiwa dawa kamili, na anayeuza wakala wake kwa kusema kwamba umekwisha, asinunuliwe.

Ndiyo maana nautazama kwa heshima mlango wa malipo ambao MTN imewafungulia watengenezaji wa programu, ambao wengi wao huulalamikia. Katika mlango huo programu haichukui fedha, bali huomba. Simu ya mwenye fedha huwaka ikionyesha kiasi na aliyeomba, naye hutia namba yake ya siri au hukataa. Wakala wa akili bandia akiwekwa nyuma ya mlango huo hawezi kupita zaidi ya kuomba, hata awe amedanganywa na barua ya nani. Vijana wanasema hili linaharibu raha yote, maana mtu alimtuma wakala ili asisumbuliwe, na sasa anasumbuliwa kwa kila senti. Wanataka ruhusa ya kudumu kwa malipo madogo. Kwa umeme wa nyumba, wenye mita moja inayojulikana namba yake na kiasi kilichowekewa mpaka kwa wiki, mimi sioni ubaya wapewe. Kwa kumtumia mtu fedha, kwa kutoa noti pale Nateete, na kwa kubadili namba ya siri yenyewe, ningemwacha mwenye simu akasirike kwa kusumbuliwa.